Taa ya Breki ya Mke Wangu

Mke wangu aliegesha pikipiki ukutani, akavua kofia ngumu, akapita moja kwa moja kwenda kunawa. Vumbi jekundu la barabara ya Kasulu lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mimi nilibaki nje. Nilipozunguka nyuma ya pikipiki nikaona kioo cha taa kimepasuka na kibati cha namba kimekunjwa.

"Hiki nini?" nikamuuliza alipotoka.

"Lori la mahema ya wakimbizi. Lilinigusa kidogo pale mteremko wa Kidahwe. Dereva hakuona kama nimefunga breki."

"Lilikugusa?"

"Kidogo," akasema, akaingia jikoni kuangalia ugali.

Ilikuwa miaka ile ambayo Warundi walikuwa wanavuka kwa wingi, wengine kwa maboti, wengine kwa miguu kupitia vilimani. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Bibi yake mzaa mama alitoka upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo Kirundi alikikuta nyumbani pamoja na Kiha. Walipotafuta wakalimani wa kituo cha mapito, mbele kidogo ya Kidahwe, mwalimu mkuu alimtaja yeye, wakamwazima. Pale kituoni watu waliandikishwa, wakalala siku mbili tatu, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambini. Yeye alikaa mezani kati ya mwandishi na mgeni kuanzia asubuhi hadi alasiri, akigeuza maneno.

Mwanzoni nilikuwa namuuliza akirudi: leo wamekuja wangapi, wanasemaje, ni kweli tunayoyasikia? Wiki ya pili aliweka kijiko chini akaniambia, "Nakuomba, ya kule usiniulize." Tangu hapo sikuuliza. Lakini mtu usipomuuliza, unaanza kumjibia mwenyewe kichwani. Kuanzia saa tisa sikuweza kushika kazi. Nilikuwa natengeneza taa za kuvulia dagaa, zile za betri zilizokuja kuondoa karabai, na meza yangu ilikuwa barazani. Kila pikipiki iliyopita nilinyanyua kichwa. Niliijua sauti ya ile yake, na bado nilinyanyua kichwa hata kwa ambayo si yake.

Baada ya lile lori, hali ikawa mbaya zaidi. Kichwani niliiona taa ile ndogo, hafifu, imefunikwa na vumbi, na nyuma yake gari zito linashuka mlima. Nilibadilisha kioo siku iliyofuata, haikunitosha. Nikaenda mjini, mtaa wa Mwanga, kwenye maduka ya vipuri, na muuzaji mmoja akanionyesha kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, chenye nyaya tatu.

"Flasha ya breki," akasema. "Ukikanyaga breki, taa haiwaki tu. Inapepesa harakaharaka mara kadhaa, kisha inatulia. Hata dereva mwenye usingizi ataiona."

Niliinunua bila kufikiri mara mbili. Mke wangu sikumwambia. Nilijua angesema hataki kuonekana kama gari la polisi, na nilikuwa sina nguvu za kubishana. Jumapili mchana, yeye amelala, niliburuta pikipiki hadi uani, nikafungua kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unatafuta waya unaotoka kwenye breki kwenda kwenye balbu, unaukata katikati. Waya mwekundu wa flasha unauunga upande wa breki, mweupe upande wa balbu, mweusi unaufunga kwenye chuma. Nilizisokota zile nyaya kwa koleo, nikazungushia tepu nyeusi, nikasukuma kila kitu chini ya kiti. Nikabonyeza breki kwa mkono, taa ikapepesa ukutani. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kumbe nilikuwa nimefanya kama ninavyofanya kwenye mitumbwi. Mtumbwi ni mbao. Kwenye mbao waya ukilegea, ukachubuka, hakuna linaloharibika. Pikipiki ni chuma mwili mzima, na chuma chote kile kimeungwa na betri. Halafu kuna jambo jingine ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujificha: ile fyuzi ya akiba iliyokaa kando ya betri nilikuwa nimeichomoa mwezi uliopita, nikaitia kwenye taa ya mvuvi aliyekuwa na haraka.

Jumatatu aliondoka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Saa kumi jioni hakurudi. Saa kumi na nusu nilipiga simu, haikupatikana. Kule kituoni mtandao ulikuwa wa kubahatisha, nikajiambia hivyo. Nilitembea hadi barabarani, nikarudi, nikatembea tena. Jirani aliyekuwa anaanua dagaa kwenye uchaga aliniuliza kama nimepoteza kitu. Saa kumi na moja kasorobo nilisimamisha bodaboda, nikamwambia anipeleke Kidahwe, na tukifika Kidahwe tuendelee.

Njia nzima nilichungulia upande huu na upande huu, kwenye mitaro, chini ya madaraja. Kila lori lililotoka mbele nililitazama bampa kama lina alama.

"Mzee," dereva akasema, "ukiendelea kujipinda hivyo tutaanguka wote wawili."

Tulipofika kituoni jua lilikuwa bado lipo juu ya vilima. Nilimwona kabla hatujasimama. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na geti, mzima, kofia ngumu imewekwa magotini. Pikipiki ilikuwa mbele yake, kiti kimevuliwa, na mwanamke mmoja mwembamba mwenye kitenge cha kijani alikuwa amechuchumaa, ameshika nyaya zangu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya mkiani.

Nilishuka, nikawasogelea. Mke wangu hakusimama.

"Nikirudi nyumbani nilifunga breki kumpisha mbuzi," akasema. "Ikazima yote. Nimeisukuma kutoka kule bondeni mpaka hapa."

Yule mwanamke akanitazama, akasema, "Ni nde yabikoze?"

"Anauliza nani amefanya hivi," mke wangu akasema. Nilikuwa nimeelewa, maana Kirundi na Kiha havipishani sana. Alichagua kunitafsiria.

"Ni mimi," nikajibu.

Yule mwanamke akatikisa kichwa polepole, kisha akabadili, akasema Kiswahili chake cha Bujumbura. "Shemeji, ulimfungia na tepu tu? Ona. Imesuguana na chuma, imetoka ngozi. Kila akifunga breki, moto unaenda kwa chuma. Fyuzi imekufa. Na ya akiba haiko."

"Ninajua haiko," nikasema.

Alikuwa amesomea umeme katika shule ya ufundi, na kabla ya kukimbia alifanya kazi kwenye karakana iliyokuwa inasuka upya nyaya za mota. Hapo kituoni alikuwa amekaa siku kumi na moja, ingawa wenzake wote walishaondoka. Mumewe alimwambia atangulie na boti, yeye atafuata, na hakufuata. Kila basi la kambini lilipokuja aliomba abaki kidogo. Asubuhi hadi jioni alisimama getini akitazama magari. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kumwona mke wangu anapanda kilima na pikipiki iliyokufa.

Alinituma nimtafutie tyubu kuukuu. Dereva wa bodaboda alikuwa na kipande. Aliikata vipande vyembamba, akachambua nyaya upya, akazisokota kwa namna ambayo mimi sikuwa nimewahi kuiona, waya mmoja ukishika mwingine kama vidole vya mikono miwili. Akazivika mpira, akaifunga flasha upande wa juu, mbali na pale kiti kinapogonga. Kwenye nafasi ya fyuzi aliweka unywele mmoja tu wa waya wa shaba.

"Huu ni wa kufika nyumbani," akaniambia. "Kesho tafuta fyuzi ya kweli. Usisahau, shemeji. Ukisahau, utaunguza kila kitu."

Kisha akaenda nyuma, hatua arobaini hivi, hadi katikati ya barabara, akatuambia tubonyeze breki. Mke wangu akabonyeza. Taa ikapepesa, ikatulia. Akapunga mkono turudie. Tukarudia. Alibaki amesimama pale barabarani muda kuliko ilivyohitajika, amegeuka sasa, anatazama upande yanakotokea magari yanayoleta wageni.

Tulirudi, mke wangu mbele, mimi kwenye bodaboda nyuma yake. Kwenye mteremko wa Kidahwe alifunga breki na ile taa ikapepesa mbele ya macho yangu, na dereva wangu akasema, "Eh, hiyo nzuri." Mimi nilikuwa nafikiri kwamba lori halikumlaza mke wangu barabarani. Aliyekaribia kumlaza ni mimi.

Nyumbani, wakati wa kula, nilimwambia samahani. Akaendelea kula, kisha akasema:

"Ungeniuliza."

"Ulisema nisiulize."

"Nilisema usiniulize ya kule. Pikipiki ni ya hapa." Alinawa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Unajua nafanya nini kule? Mtu akisema, 'Mimi nimemzika mwanangu njiani,' mimi siwezi kusema, 'Anasema amemzika mwanawe.' Walitufundisha tuseme kama alivyosema. Kwa hiyo nasema mimi. Mimi nimezika. Mimi wamenichomea nyumba. Siku nzima, mimi, mimi. Nikipanda pikipiki ndiyo nafasi yangu ya kurudi kuwa mimi. Ile pikipiki usiiguse bila kuniambia."

Nilikuwa nimefikiri ananificha hatari ya barabarani, na nikadhani dawa yake ni nyaya.

Kesho yake tulinunua fyuzi pamoja, mbili. Aliiweka moja mwenyewe, nikimwonyesha.

Siku tisa baadaye alirudi mapema kuliko kawaida, akakaa barazani kwenye meza yangu, juu ya nyaya zangu, akaanza kusimulia bila mimi kumuuliza. Lori lilikuwa limeshusha watu waliopitia vilimani. Mmoja alikuwa mwanamume aliyevaa kiatu kimoja. Yule fundi wa kike alimwona kutoka getini, akakimbia, akasimama mbele yake bila kumgusa, kama vile akimgusa atapotea. Walipofika mezani, mwandishi aliuliza, "Huyu ni nani kwako?" Yule mwanamke akajibu kwa Kirundi, na mke wangu ikambidi aseme.

"Nikasema, 'Ni mume wangu,'" akaniambia. "Sauti ikakatika. Mwandishi akaniuliza kama naumwa. Nikarudia. 'Ni mume wangu. Nimemngoja siku ishirini.'"

Basi lao liliondoka alfajiri ya siku ya pili yake, na hatukupata habari zao tena. Mke wangu aliendelea na kazi ile hadi kituo kilipofungwa, karibu mwaka mzima. Sitadanganya kwamba nilitulia. Saa kumi jioni nilikuwa bado naweka koleo chini, natoka hadi barabarani. Tofauti ni kwamba siku nyingine alinikuta pale, akasimamisha pikipiki, akasema, "Panda," nami nikapanda nyuma yake hadi nyumbani, mikono yangu nikiwa sijui niiweke wapi.