Kaseti ya Ouma

Ipo siku moja naikumbuka, mjukuu wangu, kama ilikuwa jana. Wewe tangu ufike kutoka Homa Bay hujatulia. Mara TV yangu ina nundu kama ng'ombe, mara deki ni takataka, mara kesho unaniletea kimashine kipya nichomeke nione dunia nzima. Haya, nimekusikia. Lakini kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, kaa hapa, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Ndoa yangu ilikuwa bado changa. Babu yako aliendesha lori la miwa hapa Awendo, na alikuwa ameninunulia TV hii hii pamoja na deki ya kuchezea kaseti. Tulikuwa na kaseti nyingi za ovyo, ila moja ilikuwa na heshima yake. Ilikuwa ya mazishi ya baba mkwe wangu kule Kendu Bay. Ndani yake alikuwemo shemeji yangu Ouma, kitinda mimba wa nyumba ile. Ouma anashika maikrofoni, anatafuta kwa macho katikati ya waombolezaji, kisha anaita, "Mama, in kanye?" Yaani, Mama, uko wapi? Halafu anacheka kidogo, kama mtu anayeona haya kulia mbele za watu.

Miezi michache baadaye ziwa lilimchukua Ouma. Walimtafuta mpaka wakachoka. Mwili haukuonekana, basi wazee wakazika tunda la yago, lile refu zito la mvungunya, mahali pake, kama Waluo wanavyofanya mtu wao asipopatikana. Mama mkwe wangu akabaki na kaburi lenye tunda ndani, na sauti ya mtoto wake ndani ya kaseti. Hana kingine.

Alikuwa akija kwangu kumwona Ouma kwenye TV. Na kila Ouma alipoita "Mama, in kanye?", yule mama alijiziba mdomo kwa leso, kwa mikono yote miwili. Alilelewa akijua kwamba marehemu akikuita, huitiki. Ukiitika, umeamua kumfuata. Mimi ni Mkuria, mila hiyo sikuzaliwa nayo, lakini nilikuwa naogopa pamoja naye. Ungemwona macho yake, hata wewe na ujuaji wako ungeogopa.

Basi deki ikaanza kutafuna kanda. Na jirani naye, kama aliyejua, akanunua DVD. Watoto wa mtaa wote wakahamia kwake, nikabaki na deki yangu inayokohoa. Nikapata habari za mfanyabiashara mmoja kule kwetu Isebania: mpelekee deki, ongeza kidogo, urudi na DVD. Nikajiambia kaseti ya Ouma nitaihifadhi kabatini, itakuwa salama. Itachezwa kwa kitu gani? Ah, hilo sikujiuliza.

Nilikuwa nimeifunga deki kwa leso, iko mlangoni, nami navaa viatu, nikasikia hodi. Mama mkwe! Ametoka Kendu Bay na samaki wake kwenye kikapu, hata hajaketi ananiambia, "Nyar Kuria, leo niwekee Ouma."

Nyar Kuria, binti wa Wakuria, ndivyo alivyoniita. Nikaifungua leso bila kumwangalia usoni. Nikaunganisha nyaya, nikatia kaseti. Ouma akatokea. Akashika maikrofoni. Mama akainua leso mdomoni. Ouma akafungua kinywa, akasema "Mama," na hapo hapo deki ikakwaruza. Sauti ikawa nzito, ikavutika, ikawa kama ya mtu anayezama. Kisha picha ikapotea.

Nikaruka nikashika kaseti niivute kwa nguvu.

"Usivute!" Mama alinikamata mkono. "Zima. Zima stima kwanza."

Nikazima. Ndipo alipoitazama sakafuni ile leso niliyofungia deki.

"Ulikuwa unaipeleka wapi hii mashine?"

Nikamwambia. Ningemdanganya vipi?

"Na hiyo mpya inacheza kaseti?"

"Haichezi, Mama."

"Sasa mimi nikikuja hapa kuona mtoto wangu, ungeniwekea nini?"

Hakunipigia kelele, na ni afadhali angepiga. Alisema polepole tu, "Nyar Kuria, ukitaka kutoa kitu kwa nyumba, uliza kwanza ni nani ako ndani."

Tukaenda kwa fundi pale sokoni, deki nimeipakata, kaseti ingali imeng'atwa ndani. Fundi akafungua skrubu, akaanza kuichomoa kanda kwa ncha ya kalamu, kidogo kidogo, nami naomba Mungu kimyakimya kwa Kikuria na kwa Kiswahili. Mama hakupepesa macho. Mwishowe fundi akasema kipande kimesagika, hakina budi kukatwa. Akakikata, akaunga, akanakili kila kitu kwenye diski. Tena akaniuliza ile DVD ningeichomeka wapi, maana TV yangu haina tundu jingine ila la eriali. Ingebidi ipitie kwenye deki ile ile niliyotaka kuitoa. Nilitamani ardhi inimeze. DVD nilikuja kuipata baadaye, na hadi leo inapitia kwenye deki hii hii.

Akatuchezea tuone. Ouma akashika maikrofoni. Akasema "Mama," picha ikaruka, tayari anacheka kile kicheko chake kidogo. Swali halikuwepo. Lilikuwa kwenye meza ya fundi, limekunjamana kama uzi.

Nilimtazama mama mkwe wangu. Kwa mara ya kwanza leso ilikuwa mapajani.

"Siku zote nimeogopa kumjibu," akasema. "Sasa hata hataniuliza tena." Kisha akainama mpaka karibu na kioo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "An ka, wuoda." Niko hapa, mwanangu.

Nilimshika bega, nikilia, nikihofu kwamba atatufia pale pale kwa fundi. Hakufa. Aliishi mpaka akakushika wewe mikononi, na sasa amelala Kendu Bay, kando ya lile tunda.

Kwa hiyo leta kimashine chako, sikukatazi. Lakini zunguka kwanza nyuma ya TV uone ina matundu gani. Kisha chukua hiyo diski, maana nayo imeanza kukwama na usingizi umenipaa, uihamishe kwenye flashi, uicheze hapa mbele yangu mpaka mwisho. Nikishamwona Ouma akicheka, hapo ndipo utagusa deki. Kipya kikae pembeni ya cha zamani mpaka tuhakikishe aliyekuwa ndani amevuka salama.

Na Mungu akupe watu wa kukuita kwa jina, mwanangu, na akupe kuwaitikia wangali hai. Haya, zunguka huko nyuma. Polepole. Usivute kitu.