Mzee wa Kikantoni Juu ya Shimo la Moramu

Msiniambie niliota. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka, na bakuli la makande ninalo mkononi. Mtu anaota huku anatafuna?

Mimi ni mkalimani kwenye kambi ya barabara, huku karibu na Nangwa. Chuoni nilisoma Kichina cha Mandarini, na bila kamusi ya kwenye simu sijiwezi. Siku hiyo nimekaa juu ya shimo tunakochimba moramu ya kumwaga barabarani, mara akatokea mzee wa Kichina, nywele zimejaa vumbi jekundu. Sikuwahi kumwona. Nikainuka, nikamwamkia kwa heshima zote. Akaanza kuongea. Jamani, sikuambulia kitu! Nikaandika kwenye kamusi vile nilivyosikia, haikuleta hata neno moja.

Mzee akaichukua simu. Akafungua mipangilio, akanionyesha kwamba nimeweka tiki kwenye Mandarini peke yake. Akashusha kamusi ya Kikantoni, Kichina cha watu wa kusini, akaitia tiki nayo, akachagua itafute lugha zote mbili kwa pamoja. Dakika haikuisha. Na pale shimoni, niamini, mtandao haujawahi kushika hata siku moja!

Nikaandika upya, neno baada ya neno. Yakaja: ukuta. Kesho. Unaanguka. Mzee akanyoosha kidole chini, pale pale alipokuwa akichimba mdogo wangu Paskali na mtambo wake. Nikageuka kumtazama Paskali. Kurudisha macho, mzee hayupo. Uwanda mtupu, hata kichaka cha kujificha hakuna.

Nikakimbia kwa msimamizi wetu, naye Mchina. Akaniuliza, "Nani kakwambia? Jina lake?"

Jina! Kwetu Maretadu unamuuliza mzee jina lake? Unaanzia wapi? Unamwamkia, unanyamaza, unasubiri ajitaje mwenyewe. Nikajibu sijui. Akacheka. "Kambi nzima hakuna anayeongea Kikantoni. Jua limekupiga."

Jioni nikamsihi Paskali asiende kazini. Naye akanicheka. "Dada, nikifukuzwa kwa ajili ya ndoto zako, mama atakula nini?"

Kesho yake, saa nne asubuhi, ukuta ulishuka. Mungu wangu, ule mlio! Tulifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Tukamtoa, anapumua, lakini mguu wa kulia umesagika. Hospitali waliukata.

Nje ya wodi msimamizi akanisogezea simu yake. Kulikuwa na picha. "Ni huyu?"

Nilipiga kelele hadi nesi akatoka. Alikuwa mzee yuleyule! Kumbe ni fundi wao wa zamani, Mkantoni, alifukiwa na udongo shimoni akafa, kwenye kambi nyingine, kabla hawajahamia huku Hanang. Msimamizi alikuwa analia kama mtoto. "Ungenitajia jina lake," alisema, "nisingeruhusu mtu ashuke mle."

Siku hizi nikishasema shikamoo nauliza papo hapo: jina lako nani, umetoka kwa nani? Wazee wa kwetu wanasema shule imeniharibu, sina adabu. Waseme. Na wewe, akikujia mgeni na neno zito, muulize jina, hata awe na mvi kichwa kizima.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia. Guu lililovunjika ni la Paskali.