Siku Niliyoipandisha Kwaya Kwenye Bampa

Bora niseme mwenyewe, maana nisiposema mimi watasema wanakwaya, na wao huongeza chumvi: gari la Mzee Tluway lilizama mchangani kwa amri yangu, mchana kweupe, watu wanane wakiimba.

Mzee Tluway ana Landkruza ya kubebea watalii, na wakati huo alikuwa anatafuta dereva. Mimi nilikuwa naendesha lori la kahawa kule mlimani Oldeani, na masika nilikuwa napita kwenye tope mahali ambapo magari ya wenzangu yanalala siku tatu (hilo halina ubishi, ulizeni), kwa hiyo nilijiona dereva hasa. Mzee akasema kwaya yetu ya vijana inakwenda kupiga kambi Ziwa Eyasi, niwapeleke, yeye atakaa mbele aniangalie, akiridhika Jumatatu funguo ni zangu. Jamani, ile kazi niliitaka mpaka nikakosa usingizi. Nilikuwa nimelichoka lile lori kuliko ninavyoweza kueleza.

Tulikuwa tunakwenda Kisiwani, yaani lile tuta kubwa la mchanga ambalo ziwa likijaa linazungukwa na maji, ila kiangazi maji yakirudi nyuma unalifikia kwa gari. Asubuhi pale Karatu nilijaza upepo matairi yote manne mpaka yakawa magumu kabisa, kwa sababu njia ya kushukia Mang'ola ina mawe. Hapo bado nilikuwa sawa. Tulipofika ukingoni mwa ziwa mawe yakaisha, mbele mchanga mtupu, na Neema, anayeimba sauti ya pili, mtoto wa wakulima wa vitunguu wa hukohuko Mang'ola, akanigusa bega.

"Kaka Fabiano, hapa huwa wanapunguza upepo kwenye matairi, yasizame."

Ningesema sawa tu, yangeisha. Lakini Mzee alikuwa anasikiliza, nikaona nikielekezwa mbele yake nitaonekana sijui kazi.

"Dada, mimi nimetoka Oldeani," nikamwambia, nikakanyaga mafuta.

Tulikwenda kama mita mia mbili, gari likakaa.

Sasa, kwa wasiolijua tope la kwetu: gari likikwama unaongeza uzito nyuma ili matairi yang'ate, watu wanapanda kwenye bampa wanarukaruka, dereva anakanyaga, mnatoka, mnachafuka, mnacheka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kwa hiyo nilishuka bila wasiwasi, nikaamuru kwaya nzima ipande nyuma, na kwa kuwa wasichana wawili walikuwa wembamba nikaongezea mawe mawili (kuyapata ilinichukua nusu saa, na hata hilo halikunishtua). Nikawaambia waruke kwa pamoja. Mwalimu wa kwaya akasema kuruka pamoja bila wimbo haiwezekani, akawapa sauti, wakaanza, sauti zote nne, na kwa kweli waliimba vizuri. Kila kiitikio gari lilishuka kidogo. Mimi nakanyaga, wao wanaruka. Kufika ubeti wa tatu bampa lilikuwa limelala juu ya mchanga, na waimbaji waliteremka kwa hatua ya kawaida, kama mtu anayetoka jikoni.

Wafugaji wawili waliokuwa wanapita na ng'ombe wao walisimama, halafu wakakaa chini kabisa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa bado haijamalizana na gari.

Muda wote huo Mzee hakuwa ameshuka. Sasa akajaribu mlango, ukagoma kwa sababu ya mchanga, ikabidi atokee dirishani, mzee wa miaka sabini na koti lake, mimi nimemshika kiuno. Akajikung'uta taratibu.

"Umetoka Oldeani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Njia ya kurudi unaikumbuka?"

Neema alivua viatu, akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye kila tairi akitoa upepo mpaka yakalegea, huku wenzake wakichota mchanga kwa masufuria ya kambi na kuyashusha mawe yangu. Halafu akaingia, akarudi nyuma polepole kwa kufuata alama zetu wenyewe, gari likatoka bila hata kunguruma (kumbe tangu utotoni amekuwa akiendesha pikapu ya vitunguu ya mjomba wake). Wafugaji wakainuka, wakaenda zao. Mzee akamwachia Neema usukani mpaka Kisiwani, na kesho yake mpaka Karatu, mimi nimekaa nyuma na masufuria. Pilau ya jioni ile ilikuwa na mchanga. Hakuna aliyelalamika, walitafuna tu wakiniangalia.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee hata hivyo, nimevaa shati la kanisani. Funguo alishampa Neema. Nikamwambia naelewa, na kweli nilielewa, ila machozi yalikuwa karibu. Akanisindikiza mpaka getini, akatazama mlimani.

"Mvua zikianza, njoo," akasema.

Kanisani sasa naitwa Bampa, na naitika. Nimeapa kwamba mwenyeji akiniambia huku huwa tunafanya hivi, nitafanya hivyohivyo, awe anaimba sauti yoyote ile. Na kila asubuhi kabla ya chai natoka nje kutazama mawingu juu ya Oldeani. Mpaka leo ni meupe.