Mtungi Usiovuja

Hadi leo nikipita mahali panapokaangwa simsim, yaani ufuta, koo hunikauka. Wengine harufu ile huwatia njaa. Mimi hunitia kiu, na kiu yenyewe ni ya kiangazi kimoja tu cha Koboko, mpakani mwa Uganda, kiangazi tuliporudi kutoka Zaire, ambapo maji yote ya nyumba yetu yalinukia simsim na sisi tukayanywa bila kusema neno. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Vita vilitukimbiza nikiwa mtoto wa mgongoni, kwa hiyo huko nyumbani ambako watu wazima walikuwa wakikulilia kila jioni, mimi sikukujua. Nilipofika nilikuta kuta zisizo na paa, nyasi zimeota mpaka chumba cha kulala, na watoto wa jirani wamesimama barabarani kunitazama. "Mutu ya Zaire! Mutu ya Zaire!" waliniimbia, kwa sababu nilitamka maneno kama watu wa kule. Niliwarushia udongo, kisha nikaingia ndani na kulia nikiwa nimemkumbatia paka.

Paka huyo aliitwa Afande. Alikuwa jike, wa rangi ya majivu, mwembamba wa kiuno, na Bibi ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu aliingia kila chumba bila kubisha hodi na watu wakampisha. Kwetu walikuwa wamepita askari wengi, kuanzia babu wa babu yangu, na Bibi alijua mkubwa anavyotembea. Afande alizaliwa Zaire, chini ya mtungi wetu wa maji, na tulipovuka mpaka nilimbeba ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kawa na kufungwa kwa leso. Alilia njia nzima. Mama Kalsumu, jirani yetu wa Koboko, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na roho safi, alipokiona kile kikapu alitikisa kichwa. "Paka ya kuhamisha haikai," alisema. "Itarudi Zaire na miguu yake. Mutaamka, haiko." Bibi alijibu kwamba akitaka kwenda, asizuiwe, maana yeye mwenyewe amechoka kuona viumbe wakizuiwa. Mimi sikulala vizuri siku ile. Sikumwambia mtu yeyote, ila nilikuwa nimeshapatana na Afande: yeye akikaa Koboko, nami nitakaa, yeye akirudi, nitamfuata njia ileile, na watu wazima wabaki na nyumba yao isiyo na paa.

Sasa lazima nieleze habari ya mtungi, kwa sababu vijana wa siku hizi huchota maji kwenye jerikeni la plastiki na kuona yametosha. Katika nyumba kama yetu mtungi wa maji haukukaa chini. Uliwekwa juu ya gogo lenye panda tatu, pembeni mwa baraza, mahali penye kivuli na upepo, na mdomo wake ulifunikwa kwa kawa iliyosukwa kwa rangi nyekundu na kijani. Udongo wake ulitoa jasho. Maji yalipenya polepole, yakakusanyika chini ya tumbo la mtungi, yakadondoka tone moja moja kwenye sahani. Jasho hilo ndilo lililoyapoza yaliyobaki ndani. Zaire tulikuwa na mtungi wa namna hiyo, mzee, mweusi, na Bibi alipoamka alfajiri alitawadha kwa maji ya sahani. Mara nyingi Afande alikuwa ameshayanywa kabla yake. Bibi hakujali, alisema paka hanajisi maji, naye alikuwa akimsubiri amalize, amechuchumaa, mikono juu ya magoti. Tulipoondoka, mtungi ule haukuweza kubebwa. Bibi aliichukua sahani peke yake, sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu uliobanduka.

Tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Mjomba Rajabu. Mama alikuwa Arua akiuza chumvi na sabuni sokoni, akija kila alipopata gari. Mjomba alikuwa mwanajeshi kijana wakati wa vita. Alipotea upande wa Sudan, na kwa miaka yote ile Bibi hakujua kama ana mtoto au ana kaburi. Kisha, tulipokuwa hatujamaliza hata kuezeka, alitokea barabarani na mfuko mmoja mgongoni, mrefu kuliko nilivyoambiwa, akicheka na kulia kwa pamoja. Wiki ile ile akasema nyumba bila mtungi si nyumba. Akatembea mpaka soko la Ludara, akarudi jioni ameubeba kichwani kama mwanamke, na barabara nzima ikamcheka. "Rajabu, umeolewa?" Mama Kalsumu alimwuliza kwa sauti. "Nimeolewa na mama yangu," Mjomba akajibu, akapita.

Ulikuwa mtungi mzuri sana, mwekundu, una michoro shingoni kama shanga. Mjomba hakuuacha hapo. Utotoni alikuwa amemwona Bibi akiandaa vyungu vipya vya kupikia: chungu husuguliwa mafuta, hutiwa uji mzito wa muhogo ukiwa wa moto, uji ukaziba vitundu vyote vya udongo ili mchuzi usivuje. Basi Bibi akiwa ameenda kutoa pole msibani, Mjomba akafanya vilevile kwa mtungi wa maji. Akausugua ndani kwa mafuta ya simsim, akaujaza uji, akauzungusha na kuuzungusha kama mtu anayebembeleza mtoto, akaumwaga, akaukausha juani, akautia tena mafuta. Bibi aliporudi alikuta mtungi umesimama kwenye panda zake, umejaa maji, na mwanawe kando yake kama mlinzi wa lango. "Mama, tazama," alisema. "Hii mtungi haivuji. Hata tone moja hapana." Bibi aliuzunguka polepole. Akaupapasa chini kwa kiganja, akakiangalia kiganja chake kikavu. Kisha akachota kata ya maji, akanywa yote, akasema, "Mungu akupe maisha, mwanangu." Nami nikanywa. Yalikuwa ya uvuguvugu na yananukia simsim.

Afande alikuja, akakaa chini ya mtungi mahali pake, akaangalia juu. Aliangalia juu muda mrefu. Hakuna kilichodondoka. Mjomba, ambaye tayari alikuwa amempenda kwa sababu ya jina lake, akasema paka amekosa chombo tu, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya kumtafutia Afande bakuli. Aliianza kijeshi. Kwanza lilikuja kopo lake la chakula alilotoka nalo jeshini. Afande akalinusa, akageuka. Kikafuata kibuyu kilichokatwa nusu, nikakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akakilalia, hakunywa. Likaja bakuli la Bibi la maua, ambalo hata wageni hawakutiliwa chakula. Akatia mguu ndani yake na kuukung'uta kwa dharau. Mjomba akaokota kifuniko cha gurudumu kwenye gari lililoungua njia ya Arua, akakisugua kwa majivu kutwa nzima, kikawa kama kioo. Afande akajiona humo, akatimua mbio. "Hii paka inachagua kama mukubwa wa kambi," Mjomba alilalamika, amekaa chini katikati ya vyombo vyake. "Afande! Sema basi! Unataka glasi?" Bibi alicheka mpaka akashika ubavu, lakini macho yake yalikuwa yanaufuata mtungi. Mimi sikucheka. Nilimwona Afande anavyozidi kukonda, manyoya yamesimama mgongoni, na kila adhuhuri anatoweka kupitia ua wa nyasi upande wa magharibi. Magharibi ndiko Zaire.

Siku moja nilimfuata. Nilichukua leso yangu na kipande cha muhogo wa kuchoma, kwa sababu ahadi ni ahadi, na nilijua kwamba huenda sitarudi. Nilipita kwenye tundu la ua kwa magoti. Afande alikwenda mbele bila haraka, mkia juu, akavuka shamba la mihogo, akaingia uani kwa Mama Kalsumu kama anayeingia kwake. Pale barazani, juu ya gogo lenye panda tatu, ulikuwapo mtungi wa zamani, umelowa, una ukungu wa kijani tumboni. Chini yake palikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika. Tone likaanguka, ti. Afande akatega sikio, akainama, akasubiri la pili, akalilamba likiwa bado linatikisika. Nikachuchumaa nikatazama. Mama Kalsumu akanikuta hapo nikiwa nimeshikilia muhogo wangu. "Kumbe mwenye paka umekuja," alisema. "Hii imekuja kuolewa huku, au vipi? Kila siku iko hapa. Kwenu maji hakuna?" Nikamwambia maji yapo, mtungi umejaa. Akaniangalia, halafu akaangalia njia ya kwetu, na nadhani alielewa kila kitu hapo hapo. Alinipa kata ya maji. Yalikuwa baridi, yana ladha ya mvua. Nilikuwa nimesahau kwamba maji huwa hivyo.

Nilirudi mbio na furaha yangu. Bibi alikuwa akichambua kunde, Mjomba akichonga kipande cha mti kuwa kihori kidogo, bakuli lake jipya la paka. "Haendi Zaire!" nilipiga kelele. "Anaenda kwa Mama Kalsumu! Mtungi wao unadondosha, yeye anakunywa matone! Sisi wetu haudondoshi!" Bibi aliinua macho kunitazama, na nikajua nimesema jambo ambalo lilikuwa limefichwa. Kisu cha Mjomba kikasimama. Alikwenda kwenye mtungi, akaupapasa tumbo kama Bibi alivyofanya siku ile, akachota maji, akayaweka mdomoni bila kuyameza, kama mtu anayeonja chakula cha mgonjwa. Nadhani alikuwa hajawahi kuyaonja kwa makini. Kule alikotoka, maji yalikuwa maji.

"Mama," alisema, "mtungi ya maji inatakiwa kuvuja?"

"Inavuja kidogo," Bibi alisema.

"Na wewe unakunywa hii kila siku. Kwa nini hapana kuniambia?"

Bibi aliendelea kuchambua kunde zake. "Miaka yote mimi naomba mtoto wangu arudi. Amerudi, ameniletea mtungi na kichwa chake. Mimi nianze na kelele? Maji ya moto ni nini? Ningekunywa hata uji wake."

Mjomba alikaa chini palepale kwenye vumbi, mtu mzima, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya Bibi juu ya ungo wa kunde, na kunde zikamwagika. Hakuna aliyeziokota upesi. Afande alirudi baadaye kidogo, masharubu yake yana maji, akawanusa wote wawili na kupita katikati yao bila kuomba njia.

Kesho yake tulikwenda Ludara pamoja, mimi na Mjomba. Yule mama mfinyanzi alimkumbuka, akamwuliza kama ule wa kwanza umevunjika. "Haukuvunjika," Mjomba alisema. "Umekuwa hodari sana." Safari hii aliniachia mimi nichague. Niliigonga mitungi yote kwa kidole, nikauliza kwa nini huu mwekundu na ule mweusi, kwa nini huu unalia na ule umenyamaza, mpaka yule mama akasema mtoto huyu ataolewa na mwuza majibu. Tulipofika hatukuupaka kitu. Tuliujaza, tukaweka sahani ya Bibi chini yake, tukakaa wote barazani. Udongo mpya ulitoa harufu ya ardhi iliyolowa. Tumbo la mtungi likabadilika rangi taratibu, likawa la kahawia, likang'aa. Afande alikuja akakaa, akaangalia juu. Tone la kwanza lilichelewa sana, likajikusanya, likaning'inia. Lilipoanguka, Mjomba alipiga saluti. Ule mtungi wa simsim Bibi aliutia karanga za mbegu, na hakuna panya aliyewahi kuzifikia, kwa hiyo nao haukupotea bure.

Afande aliishi Koboko mpaka meno yakamtoka. Zaire hakwenda tena. Niliyeondoka ni mimi, niliyeweka ahadi. Shule niliiacha katikati, si kwa shida, bali kwa sababu dirisha lilinivuta kuliko ubao, na tangu hapo nimeuza nguo Ariwara, nimepika Yei, nimelala Bunia na kwingine ambako sikujua jina mpaka nilipokuwa ninaondoka. Katika vyumba vingi nimepewa maji yenye harufu na watu waliofurahi kunipa, nami nimeyanywa. Sasa nimepanga chumba Arua, na nina paka wawili. Juzi dukani nilionyeshwa chombo cha plastiki chenye waya, maji yanapanda na kushuka yenyewe. "Mama, hii iko ya paka," kijana wa duka aliniambia kwa fahari. "Maji inatembea. Paka hapendi maji ya kusimama." Nilimwuliza maswali mpaka akachoka: maji yanapitia wapi, nani aliyefikiri, umeme ukikatika inakuwaje. Sikukidharau. Aliyekitengeneza alikaa chini siku moja akamtazama paka kwa makini, na watu wa namna hiyo ni ndugu zangu. Lakini sikukinunua.

Chumbani kwangu kuna gogo lenye panda tatu, na mtungi niliouchukua soko la Inde, na sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu ambao sasa umebanduka karibu wote. Bibi hayupo. Mjomba Rajabu yupo, mzee, anapanda gari kutoka Koboko kuja kuangaliwa macho hospitalini, na hufikia kwangu. Akiingia hakai kwanza. Huweka fimbo chini, huinama kwa taabu akishika ukuta, na kwa kuwa haoni vizuri, hupeleka kidole chini ya mtungi mpaka kwenye sahani.

"Iko inavuja," husema.

"Iko inavuja, Mjomba."

Ndipo huketi, na kuomba maji.