Kupiga Magoti Si Kazi, Kazi ni Kuinuka

Mkungu wa matoke ulimwangukia Nabbosa kichwani pale sokoni Kalerwe, vijana walipokuwa wanashusha lori. Hakuzimia. Watu walicheka, naye akacheka nao, akanunua nyanya zake akaenda saluni kusuka wateja. Hiyo ni mwaka jana, kabla ya mvua. Kichwa kinauma mpaka leo.

Kichwa peke yake angekivumilia. Ila mwili mzima ulianza kumkorofisha. Akisimama ghafla, moyo unakimbia kama mtu kafukuzwa na mbwa, jasho la baridi linamtoka, macho yanaingia giza, na mara nyingine anaanguka. Picha za kichwa zilitoka safi. Muuguzi wa zahanati alimpima presha amelala, akampima tena amesimama, akamwambia kugongwa kichwa, hata kidogo, kunaweza kuvuruga mishipa ya fahamu inayoendesha moyo na jasho. "Kunywa maji ya kutosha. Na usiinuke kwa pupa."

Sasa nenda kamwambie hivyo mwanamke wa Kiganda. Anasalimia kwa magoti, anaandaa chakula kwa magoti, hata simu ya mkwe anapokea kwa magoti!

Siku ya utambulisho, wakwe walipokuja kumposa rasmi, shangazi yake Nakimera alimvalisha gomesi, gauni refu la sherehe, akamkaza kitambaa kiunoni.

"Shangazi, nitaanguka."

"Anguka uone. Bibi harusi akianguka mbele ya wakwe, ama ana mimba ama ana kifafa. Chagua."

"Basi tuwaambie kabla."

"Uwaambie nini? Kwamba ulipigwa na ndizi? Kaza uso, twende."

Kayizzi, mchumba wake, alijua habari za kichwa. Za kuanguka hakuambiwa. Shangazi alikataza, na Nabbosa akanyamaza kwa sababu alimtaka yule kijana, na aliogopa kumkosa.

Turubai lilijaa. Nabbosa akapiga magoti mkekani, akasalimu. Msemaji wa wakwe, Lutaaya, mtu anayependa sauti yake mwenyewe, ndio kwanza alikuwa anaanza.

"Jamani, huyu ni binti au jua limeshuka chini? Na miwani nimesahau!"

"Hata ungekuja na darubini, bwana," msemaji wa nyumbani akamjibu, "bado hatujaamua kama unafaa kuketi hapa!"

Vicheko. Wakaendelea hivyo, huyu anarusha, yule anarudisha. Miguu ya Nabbosa ikafa ganzi. Mdomo ukakauka. Kisogo kikawa kinagonga.

"Haya binti, inuka umtafute mwenzio kati ya wageni!"

Akainua goti moja. Moyo ukaruka, nyuso za wageni zikaanza kuwa nyeusi pembeni. Akalirudisha goti chini.

Shangazi, kando yake, akamfinya. "Inuka, unatuaibisha!"

Upande wa wakwe mama mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Mimba hiyo."

"Au ule ugonjwa," akadakia mwenzake.

Siku hiyo bibi harusi hajisemei, anasemewa. Nabbosa akasema.

"Sina mimba, mama zangu, wala sina kifafa. Niligongwa kichwa. Nikisimama haraka naanguka. Niacheni nisimame ninavyoweza."

Akakaa chini kabisa, matako mkekani, mbele ya wakwe wote. Akanyoosha miguu, akakaza mapaja, akaachia, akakaza tena. Kisha goti, kisha goti la pili, kisha juu. Akayumba, akamng'ang'ania shangazi bega mpaka yule akaguna. Giza likaja, likakaa, likapita.

"Tunaomba kushauriana," Lutaaya akasema. Wakwe wakatoka nje, Kayizzi katikati yao, bila kumtazama. Nabbosa alibaki wima. Akikaa, itabidi asimame tena.

Waliporudi Lutaaya akakohoa. "Shangazi wa kijana anauliza, kwetu nako atakuwa anatungojesha hivi hivi?"

"Ndiyo, baba," Nabbosa akajibu mwenyewe. "Mtangoja."

Watu wakaguna. Kayizzi akasimama nyuma ya wajomba zake, naye pia hakupaswa kusema, na alikuwa amekasirika kweli. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaondoka."

"Si niko hapa? Haya, njoo. Polepole."

Shangazi Nakimera akapiga vigelegele haraka haraka, kabla mtu yeyote hajabadilisha mawazo.