Mama kazima tamthilia imebaki sidii moja

Mama katuzimia televisheni leo, na tamthilia imebaki sidii moja tu ikwishe!

Tangu Baba afariki na Mama aingie eda, mimi na dada tumehamia kwake Kiembe Samaki. Kila alasiri tunaitazama pamoja.

Leo ndo tujue bwana harusi anamuoa nani, jamani.

Mama kaitoa sidii, kairudisha kwenye kasha lake.

"Basi. Mwisho wake sitaki kuuona."

Hasira zikanipanda.

"Sasa Mama, miezi yote hii tumekaa hapa kwa ajili ya nini?"

Akanitazama.

"Mie nlidhani mmekaa kwa ajili yangu."

 

Nambieni nyie mngemjibu nini. Eda inakwisha kesho, na mabegi yetu yako mlangoni tangu asubuhi. Anayaona.