Laini Tatu na Kichuguu cha Chara

Pale Garsen barabara zinapokutana wameweka bango la simu kubwa kama kanisa. Juu yake kuna mchungaji wa ng'ombe, meno meupe kuliko maziwa anayokamua, amesimama katikati ya mbuga akicheka na simu sikioni. Chini wameandika kwamba popote ulipo, nao wapo. Kila nikipita hapo na beseni langu la samaki nasimama nimtukane kidogo. Si yeye, maskini. Yeye kalipwa acheke. Nawatukana waliomsimamisha.

Vijana wa bodaboda wameshanizoea. "Mama, leo umemsamehe?" wananiuliza. Nawajibu kwamba simsamehi mpaka aniambie alisimama wapi hasa, kwa sababu mbuga hiyo mimi naijua, na mahali pa kuchekea na simu ni mahali pamoja tu: juu ya kichuguu.

Nilikaa Doha miaka kadhaa, nikifanya kazi za nyumbani kwa familia yenye vyumba vingi kuliko zahanati zote za kaunti yetu. Sikwenda mbumbumbu. Kabla ya kusafiri nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya watu wazima hapahapa Garsen, yale ambayo wenzetu huyacheka wakiyaita ngumbaru. Mchana naparua samaki, jioni nasoma kwa taa ya sola pamoja na kina mama wenye wajukuu. Cheti ninacho, nimekitia plastiki, kinaweza kuvuka mto chenyewe. Kwa hiyo kule Uarabuni, wenzangu walipokuwa wakinunua laini za simu kwa kufuata uzuri wa tangazo, mimi nilisoma. Nilisoma hata yale maandishi ya chini, madogo kama mayai ya chawa.

Na nilichokisoma kilinipandisha hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Mama yangu yuko Chara, ana shamba la mpunga na ndizi ukingoni mwa mto. Simu yake ni kabambe, ile ya vitufe. Nyumbani kwake hiyo ni tochi tu. Ili iwe simu, lazima apande kichuguu kilicho nyuma ya shamba, auelekeze uso Tarasaa kwenye mnara, na asimame kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Akigeuka kumfukuza nzi, mtandao umekwenda. Kila jioni akitoka shambani alipanda, akaiwasha, akangoja kidogo, akaizima kuhifadhi chaji, akashuka. Huo ndio uliokuwa mlango wangu wa kuingia nyumbani. Mlango wa kichuguu, na wenye kuufungua walikuwa watu watatu walafi.

Watu hao ni laini zangu. Nilikuwa nazo tatu, nimezifunga kwenye kitambaa pamoja na pini za nywele, na kila moja nimeipa jina.

Ya kwanza niliiita Bwana Harusi. Ilikuwa laini ya kulekule Doha, maneno matamu, dakika tele za kupiga nje kwa bei ya karanga. Nikainunua nikacheza chakacha chumbani. Kisha nikasoma yale mayai ya chawa. Wahindi walikuwemo, Wanepali walikuwemo, Wafilipino wametajwa mpaka nikadhani watatajwa na watoto wao. Sisi hatukutajwa. Tulikuwa mwisho kabisa, mstari wa chini, kwenye kundi lililoitwa Nchi Nyinginezo, na kwa Nchi Nyinginezo bei ilikuwa ya kununulia ndama. Nikamwonyesha mwenzangu wa Kilifi tuliyekuwa tukikutana naye siku za mapumziko. "Kumbe sisi tuna nchi mpya," akasema. "Bendera yake ikoje?" Tulicheka, lakini mimi nilicheka nikiwa nimeuma meno.

Ya pili niliiita Kobe. Hiyo ilipitia intaneti, ikawa rahisi kweli, lakini ilitembea. Unasema neno leo, linafika kesho likiwa limechoka. Malindi ilifika. Garsen ilifika ikihema. Kwenye kichuguu cha Chara ilifikisha mlio tu. Sauti ilibaki njiani.

Ya tatu ilikuwa laini yangu ya nyumbani, niliyoondoka nayo Garsen. Hiyo ilipanda kichuguu bila taabu, mama akanisikia kama niko shamba la pili. Nikaiita Mamba, kwa sababu ilimeza bila kutafuna. Unavuta pumzi ya kusema halo, tayari imekula nyama ya paja. Na ukiwa ng'ambo huijazi kredi mwenyewe kirahisi. Lazima mtu wa nyumbani akununulie akurushie.

Sasa ongeza salamu. Kwetu huanzi habari kabla ya salamu kuisha, na salamu haziishi. Hujambo, watu wa nyumbani hawajambo, jirani hajambo, mbuzi, kuku, shamba, mvua, mto. Na kila swali jibu lake ni salama. Hata kama paa limeanguka, kwanza salama, halafu ndipo uliseme paa. Anayekupigia akaacha salamu, huyo amekuletea kilio. Hakuna maana nyingine. Kwa hiyo niliwahi kulipa mshahara wa siku nzima nikaambiwa tu kwamba kuku hawajambo.

Yote hayo ningeyavumilia. Ila mwaka ule mvua ya bara ilikataa kukoma.

Shangazi yangu ameolewa Nanighi, huko juu ya mto. Mto ukifura, wao huyaona maji siku kadhaa kabla hayajafika kwetu Chara. Jioni moja akanibip, simu ikalia mara moja ikakatika. Nilikuwa nikipiga pasi kanzu za bwana wa nyumba. Nikamjaribu kwa Kobe, Kobe akajivutavuta. Nikatoa Mamba.

"Shangazi, umenibip. Kuna nini?"

"Kwanza hujambo?"

"Sijambo. Shangazi, kuna—"

"Kazini salama?"

"Salama."

"Tajiri wako na watoto wake, wazima?"

"Wazima wote."

"Na joto la huko?"

"Salama!" Hata joto nililijibia.

Tulizunguka mpaka wakwe. Ndipo akasema, "Basi huku si salama. Mto umeingia mashambani, na walio juu yetu wanasema nyuma kuna mengine makubwa zaidi. Mama yako simpati, kila nikipiga hapatikani. Mwambie atoke bondeni. Maji haya yatafika kwake kabla ya wiki kwisha."

"Shangazi, si ungeanza na hilo?"

"Nianze na hilo? Nikuue kwa mshtuko?"

Kisha akaniambia neno ambalo huwa nalikumbuka nikiliona lile bango. "Wewe uko ng'ambo, mwanangu. Huko mitandao haikosi. Utampata tu."

Fikiria hiyo. Nanighi na Chara wanakunywa mto mmoja. Gogo likianguka kwao, sisi tunaliokota. Lakini neno, ili litoke Nanighi lifike Chara, lilibidi lipande mpaka Doha, lipite mezani kwangu palipo na pasi, halafu lirudi. Mnara wa simu wa Mto Tana ulikuwa mimi, nimevaa aproni.

Nikatazama saa. Mama alikuwa ama yuko kichuguuni ama anakikaribia. Nikampigia kwa Bwana Harusi. Akaniambia kwa sauti ya mwanamke mpole kwamba kifurushi changu hakihusu nchi hiyo. Nchi Nyinginezo, mafuriko yenu hayahusu. Nikampigia kwa Kobe. Ikaita! Mama akapokea, nikamsikia vizuri, "Halo? Halo? Nani?" Nikapiga kelele mpaka mtoto wa nyumba akaja kuchungulia. "Sikusikii," mama akasema, akakata.

Ikabaki Mamba, na Mamba alikuwa ameshakula joto la Doha na wakwe wote wa Nanighi. Salio lilikuwa kama ute wa konokono. Nikapiga.

"Mwanangu!" mama akasema, amefurahi. "Hujambo?"

Kama ningejibu sijambo, angeuliza watu wa nyumba. Nikajibiwa ndani ya kichwa changu na yale masomo yote ya jioni: acha. Mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikumjibu mama yangu salamu.

"Mama, toka hapo! Shangazi—"

Kimya. Mamba amefunga mdomo.

Nilisema "shangazi" ili nimwambie shangazi kasema nini. Sikujua kama hata hilo lilifika. Nikajaribu tena kwa Kobe, simu ya mama ilikuwa imezimwa. Kesho yake ndugu wa yule mwenzangu wa Kilifi akanirushia kredi, jioni nikapiga. Hapatikani. Kesho kutwa, hapatikani. Nilikuwa nimepiga mpaka alama za kidole gumba changu zikafutika.

Nikawapigia wenye Mamba wenyewe, huduma kwa wateja, maana kuwapigia wao ni bure. Ndiyo bure pekee waliyo nayo. Nikachezewa muziki mpaka nikaweza kuuimba. Akaja kijana mwenye Kiswahili cha Nairobi.

"Madam, hapa kwa mashine naona Chara iko sawa. Ramani yote ya mtandao imepakwa rangi."

"Imepakwa na nani? Alipanda kichuguu?"

"Kichuguu gani, madam?"

"Basi hajafika."

"Umejaribu kuzima simu na kuiwasha?"

"Nimezima nimewasha. Sasa wewe zima mto."

Kisha akaniuliza kama kuna jambo jingine la kunisaidia. Jambo jingine! Nilimwambia maneno ambayo mwalimu wetu wa jioni hakutufundisha. Nilikata simu nikaosha vyombo vya nyumba ile kwa nguvu hivi kwamba sufuria moja, naapa, ilirudi kuwa mpya. Hasira ile haikuwa ya pesa. Ilikuwa ya ile ramani. Mahali ulipozaliwa wamepapaka rangi, wakamaliza, wakaenda kunywa chai, na mama yako amesimama katikati ya rangi yao hapatikani.

Habari zilikuja kwamba maji yamefika delta. Nilikuwa naona video za watu wengine, mapaa ya watu wengine. Sikula vizuri. Mimi! Hata mama mwenye nyumba alijua kuna jambo.

Kisha siku moja asubuhi namba nisiyoijua ikanibip. Sikubahatisha na Kobe. Nikampigia kwa Mamba.

"Wewe mtoto," sauti ikasema, "adabu umeiuza bei gani huko Uarabuni?"

Nikakaa chini jikoni, juu ya gunia la mchele wa watu. "Mama! Uko wapi?"

"Umeanza tena! Niko Tarasaa, natumia simu ya mwenye duka. Ulinipigia bila hujambo, ukamtaja shangazi yako, ukakata. Ulitaka nifikiri nini?"

Alifikiri kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefikiri. Alifikiri shangazi amekufa. Alishuka kichuguuni akilia, na kwetu mwanamke haendi matangani peke yake. Kina mama wa jirani wakajifunga leso, wenye watoto wachanga wakawabeba mgongoni, wakafunga mikeka, na alfajiri wakavuka kwa mtumbwi kwenda kutafuta gari la Nanighi. Simu akaizima, kwa sababu msibani watu hawapigiani simu. Wakafika Garsen, wakaambiwa barabara ya juu imekatwa na maji. Wakamlilia shangazi papo hapo stendi, maadamu walishajitayarisha. Walipogeuka kurudi, Chara ilikuwa ziwa. Wanaume waliobaki walitoka kwa mitumbwi na mbuzi. Hakufa mtu.

"Mama, nilitaka kukwambia kuhusu maji."

"Sasa ndiyo najua. Na shangazi yako amepata habari kwamba tumemlilia stendi. Hataki kuongea na mimi."

Nilicheka nikalia, sijui kipi kilitangulia. Na nilipokuwa nikicheka hasira ikanirudia maradufu, kwa sababu najua kampuni ile ingeisikia hadithi hii ingeifanya tangazo. Wangesema wamemwokoa mama yangu. Kilichomwokoa ni kwamba hawakumfikishia neno langu. Kama laini ingekuwa nzuri kidogo tu, ya kutosha hujambo na sijambo, angebaki kichuguuni anauliza habari za tajiri wangu.

"Haya," mama akasema. "Sasa tuanze vizuri. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Kazini salama?"

"Salama. Nyumba yako salama?"

"Salama," akasema mama yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa na maji mpaka madirishani.

"Kuku hawajambo?"

"Hawajambo." Kuku wote walikuwa wamekwenda na maji, alishanieleza.

Mamba alikuwa anakula, namsikia. Nikamwacha ale. Nikauliza, "Na mpunga?"

Hapo mama akakawia. Mpunga ule ulikuwa umebaki wiki chache uvunwe. Nikamsikia anavuta pumzi aseme salama, kama inavyopasa, na simu ikakatika.

Ujumbe ukaingia palepale: salio lako halitoshi. Bila hujambo, bila habari za asubuhi. Na kwetu anayekujia bila salamu unajua amekuja na nini.

Nikaichomoa ile laini, nikaishika juu ya tundu la sinki, maji ya moto yanapita chini. Niliishika kwa muda mrefu. Kisha nikaipangusa kwa aproni, nikairudisha kwenye kitambaa na pini za nywele, kwa sababu ndiyo peke yake iliyofika.